Karatasi ya Kabati la Mama Ngalula

Kolwezi, Ijumaa alasiri

Mwanangu Espérance,

Nisamehe kimya cha wiki tatu. Si kawaida kumwomba radhi kwa barua mtu ambaye ninamsikia sasa hivi akiburuta masanduku katika chumba cha pili, lakini kwa mdomo nimeshindwa. Tangu siku ile uliponionyesha ujumbe katika simu, nimekujibu ndiyo na hapana, nimekupakulia bukari na mboga, nimekuuliza kama umefunga mlango, na zaidi ya hapo sikusema kitu. Umedhani nimekasirika kwa sababu unahamia Kasaji. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza, na kwa mtu aliyefundisha watoto kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini, hilo ni jambo la aibu.

Sitakuandikia habari za malaria, wala za kanisa, wala za kuweka akiba ya unga. Sitakuandikia hata kwamba kitu cha kuuza humwonyeshi mgeni nyumbani bali mchana, mbele ya duka lenye watu, wala kwamba ujumbe unaosema pesa zimeingia si pesa mpaka uangalie mwenyewe katika akaunti yako. Hayo ulinifundisha wewe, ukiwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nilishangaa kuona jinsi unavyofundisha vizuri. Nitakuandikia mambo mawili tu: mtu wa frigo, ambaye unamjua, na kabati, ambalo hulijui ingawa umelipangusa vumbi tangu utotoni.

Nianze na mtu wa frigo, kwa kuwa ni rahisi zaidi.

Ulipoanza kuuza vitu vyetu kwa simu, nilikudharau kidogo. Nilijiuliza ni mtu gani atakayenunua sufuria kwa kuitazama picha yake. Kumbe watu wengi. Kila jioni nilisogeza kiti changu karibu nawe nisikie wanasema nini. Mmoja aliuliza kama pasi yetu inatumia makaa au umeme, na picha ilionyesha waya. Mwingine alitaka kubadilisha jogoo kwa meza. Mwingine aliandika tu, “Mama wa iyi nyumba anajua kusafisha!” nawe ukacheka mpaka ukadondosha simu. Nilianza kuingoja jioni. Nilitaka kuwajua watu hawa wasio na uso.

Frigo, jokofu letu, uliipiga picha barazani kwa sababu ndani hakuna mwanga. Siku iliyofuata ulienda mtaa wa Manika. Saa nne hivi akaja mwanamume kwa pikipiki ya kukodi, shati safi, viatu vimepakwa rangi. Alibisha hodi kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama nilivyozoea kuwafundisha wanafunzi wangu. Nilimpenda papo hapo.

“Jambo, Mama. Nilikuya ju ya frigo.”

“Karibu. Ndiyo hiyo.”

“Iko natumika muzuri?”

“Inafanya kazi vizuri sana, haijawahi kutengenezwa.”

“Eh! Mama uko nasema sawa radio!”

Nilifurahi. Nilimpa kiti, nikampa maji. Akanywa polepole, akaniuliza, “Na bale ba kampuni, Mama, balishakulipa?” Nikamjibu kwamba bado. “Na unaikalaka peke yako?” Nikamjibu kwa sentensi kamili, kama kawaida yangu, kwamba binti yangu hutoka asubuhi na kurudi jioni, na kwamba Jumapili sote wawili huwa tuko misa ya pili. Alishukuru, akasema atarudi kesho na gari.

Unajua yaliyofuata. Jumapili tulirudi kutoka kanisani tukakuta kufuli limevunjwa, godoro limechanwa kwa kisu, madaftari yangu yametapakaa sakafuni. Walichukua redio na pasi. Frigo waliiacha imesimama mahali pake.

Uliposikia niliyokuwa nimemwambia mtu yule, ulishika kichwa. “Mama! Muntu anakuuliza ka uko peke yako, na weye unamupa saa ya misa?” Kisha ukaichukua simu, ukaitazama tena ile picha ya frigo, ukanisogezea. Nyuma ya frigo, ukutani, ilionekana waziwazi ile namba nyekundu waliyotuandikia watu wa kampuni ya mgodi. Mtu wa mji mwingine angeona namba tu. Mtu wa Kolwezi anasoma habari nzima: hapa mgodi unakaribia, hapa kuta zimeanza kupasuka, hapa watu wataondolewa, na kabla hawajaondolewa watapewa fedha. Sisi wenyewe tuliitangaza nyumba yetu, na frigo ilikuwa pambo tu.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, si kwa uchungu bali kwa kutaka kuelewa. Ningemtambuaje? Adabu yake haikuwa na kasoro. Ila siku chache baadaye, nikiwa nafagia, nilikumbuka kwamba hakuufungua mlango wa frigo. Kila aliyekuja kununua kitu kwetu alikigusa. Yule wa meza aliitikisa miguu yake. Yule mama wa sufuria aliigonga kwa kidole akaisikiliza kama daktari. Mtu wa frigo alitazama ukuta, alitazama kufuli, alinitazama mimi. Kwa hiyo, mwanangu, mgeni akija usisikilize sana anavyosema. Angalia macho yake yanakwenda wapi. Mimi nilimsikiliza tu, kwa sababu maisha yangu yote nimewapenda watu wanaosema vizuri. Hilo ni kosa langu, na halikuanza na frigo.

Baada ya wizi huo ukawa mwangalifu kupita kiasi. Ukatundika shuka nyeupe nyuma ya kila kitu kabla ya kukipiga picha. Ukasikia kwamba wanunuzi wanaogopa vitu vya wizi, na kwamba mwenye karatasi ya mauzo huaminiwa. Ukalipekua sanduku langu la karatasi, ukaikuta karatasi ya kabati, ukaiweka katika kundi la wauzaji la simu pamoja na picha ya kabati lenyewe. Hukuniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimelala mchana, na kwa kuwa hukuwa na sababu ya kuniuliza. Tangu ulipokuwa mdogo nilikuambia kwamba kabati lile nililinunua kwa Mama Ngalula, jirani yetu wa zamani kutoka Kasai.

Siku mbili baadaye ulinijia na simu mkononi.

“Mama, ona! Kuko mwanamuke eko nasema miye ni mwizi.”

Ukanisomea. Mwanamke huyo alikuwa ameandika kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai: “Weye ni nani? Iyo kabati uliitosha wapi? Mama yangu Ngalula hakukuwa anajua kuandika, ata jina yake. Nani alitia iyo sinyatire mu karatasi?”

“Uyu ni eskro,” ulisema. “Njo mayele yabo ya kuiba. Banasoma jina mu karatasi, kisha banasema, ile ni mama yangu, turudishie. Si ni vile, Mama?”

Ulinitazama, Espérance. Ulikuwa unangoja neno langu. Nami nikasema, “Ndiyo. Ni tapeli. Mfute.”

Ukamzuia asiweze kukuandikia tena. Ukaliondoa tangazo la kabati, ukasema heri uende nalo Kasaji likawe la duka lako la huko. Kisha, kwa kuwa una moyo wa kuwasaidia wengine, ukaandika onyo katika kundi lote, ukalitaja jina lake na kuweka namba yake, watu wakae mbali naye. Nilisikia simu yako ikilia kila wanapokushukuru. Hapo ndipo kimya changu kilipoanza.

Sasa kabati.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini hukuwa umezaliwa. Kampuni kubwa iliyokuwa ikiulisha mji huu ilikuwa inaanguka. Mishahara ilikoma, hospitali ikakosa dawa, sisi walimu tukafundisha miezi bila malipo kisha tukaacha kuhesabu. Na watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakasema ni watu wa Kasai, hata wale ambao baba zao waliletwa hapa na Wabelgiji kufanya kazi za mgodi na reli, na waliozaliwa hapahapa Kolwezi. Wakaambiwa waondoke.

Tata Ntumba, mume wa Mama Ngalula, alikuwa seremala katika karakana za mgodi. Mashine zilipofika kutoka ng’ambo katika makasha makubwa, mbao za makasha yale aligawiwa yeye na wenzake, na kutokana nazo walitengeneza viti, vitanda na makabati ya nusu ya mtaa huu. Ukiyageuza utaona bado herufi nyeusi za mihuri ya meli. Kabati letu limetengenezwa hivyo. Siku alipolimaliza tulikwenda kulitazama, maana nyumba zetu zilipakana. Akachomoa droo ya kulia akatuonyesha ubao wa nyuma, upande usioonekana. Palikuwa na mshale mkubwa mweusi, ule wa kuonyesha upande wa juu wa kasha, ila yeye aliupigilia ubao kichwa chini.

“Mama Mwalimu,” aliniambia, “ii kabati ikianguka, itaangukia kule juu!”

Alicheka mpaka akakaa chini. Binti yake Mbuyi alicheka pia, ingawa nadhani hakuelewa. Mbuyi alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu.

Walipofukuzwa, walipewa asubuhi moja tu. Watu walitoa vitu vyao barabarani na kuviuza kwa bei yoyote, kitanda kwa sahani ya unga, cherehani kwa blanketi. Wengi wetu tulinunua. Usidhani wote tulikuwa wabaya. Tulijiambia kwamba tusiponunua sisi, vitachukuliwa bure. Lakini Mama Ngalula hakuliuza kabati lake. Walilibeba na mumewe, wakalipitisha kwenye ua, wakaliweka sebuleni kwangu. Akanipa funguo mbili za shaba zilizofungwa kwa uzi.

“Mama Mwalimu, uniwekee ii kabati. Siyo ya kuuzisha. Ni ya kuweka tu. Bitu bikisha kutulia, tutarudia.”

Nikamwambia, “Nitakuwekea.” Hayo ndiyo maneno yote. Hakuna aliyetaja bei.

Wiki hiyohiyo vijana waliokuwa wakizunguka mitaani walisimama mlangoni pangu. Walikuwa wanatafuta mali za Wakasai zilizofichwa kwa majirani, na aliyekutwa nazo aliitwa msaliti, naye alinyang’anywa na vya kwake.

“Mama Mwalimu, banasema uko na bitu bya ba Ntumba.”

“Sina.”

“Na ile kabati?”

“Ni langu. Nililinunua.”

“Karatasi iko wapi?”

Nikawaambia waje kesho, imewekwa shuleni. Walipoondoka nikachukua karatasi ya mistari, kalamu ya wino na rula. Nikaandika kwamba mimi fulani nimenunua kwa Mama Ngalula kabati moja la mbao lenye droo mbili na milango miwili, kwa bei tuliyokubaliana. Nikaweka jina langu. Kisha nikalitia jina lake na kuchora saini chini yake. Kesho yake mkubwa wao aliisoma mara mbili, akairudisha.

“Eh, Mama Mwalimu! Karatasi yako iko safi sawa ya biro ya serikali. Na ule mwanamuke, najua ulimukatia bei! Weye uko mukali!”

Walicheka wakaenda zao. Nilikaa juu ya mkeka nikijisifu. Nilikuwa nimeliokoa kabati la rafiki yangu.

Hadi hapo, mwanangu, sijutii. Kama leo wangekuja, ningeandika tena. Kosa langu ni kwamba vijana walipokwisha kwenda, karatasi ilibaki.

Watu waliofukuzwa hawakuondoka mara moja. Treni zilikuwa chache, nao walikaa stesheni wiki baada ya wiki, nje, kwenye mvua. Stesheni si mbali. Wewe kesho utafika kwa miguu. Nilijiambia nitakwenda kumwona Ngalula, nimwambie kabati lipo salama. Sikwenda. Niliogopa kuonekana. Kisha wakapanda treni.

Baba yako, tulipooana, aliniuliza kabati hili zuri limetoka wapi. Nikamwambia nililinunua. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi kwa majirani hata likatoka peke yake. Na karatasi ikanisaidia, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa vizuri, bila kufutwa hata herufi moja. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuiamini karatasi aliyoiandika mwenyewe. Nilipoisoma miaka ilipopita, niliona mauzo. Nilijaribu kukumbuka bei.

Kisha ikaja barua. Ililetwa na mfanyakazi mmoja wa reli, imekunjwa mara nne. Nilipoifungua nilidhani ni ya mwanafunzi wangu wa wakati ule, kwa kuwa herufi zilikuwa zangu: mkia wa k niliozoea kuufundisha, duara la a lililofungwa vizuri. Ilikuwa ya Mbuyi, aliyeandika kwa niaba ya mama yake. “Mama anauliza, kabati iko? Tata alikufa. Mama anasema ujibu.” Basi. Hakuomba nimpelekee. Aliuliza tu kama lipo.

Sikujibu. Wiki ya kwanza sikuwa na mtu wa kumpa barua. Mwezi wa kwanza nilikuwa na mimba yako na kichefuchefu. Baadaye ningelazimika kueleza kwa nini nimechelewa, na baadaye zaidi kwa nini nimechelewa kueleza. Nimewahi kuwapiga rula wanafunzi kwa sababu nyepesi kuliko hizo.

Ndiyo maana uliponisomea ujumbe wa yule mwanamke, nilijua ni nani kabla hujafika mwisho. Tapeli angesema saini ni ya mama yake. Huyu alisema mama yake hakujua kuandika, na ni kweli, Ngalula siku zote alitia kidole gumba badala ya saini. Katika haraka yangu ya siku ile niliisahau habari hiyo, mimi niliyeujua mkono wake. Nami nikamwita tapeli, kwa sababu ulikuwa umenipa neno hilo mkononi na lilinifaa. Tahadhari yako ilikuwa nzuri. Mimi nilijificha ndani yake.

Ulipoingia jikoni usonge bukari, nilinakili namba yake kutoka katika onyo lako, nyuma ya kalenda. Kwa nini? Nilitaka kujua. Nakuambia kweli, aibu ilikuwapo, lakini udadisi ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Mtoto wa darasa la tatu amekuwa mwanamke wa namna gani? Mtu wa Mwene-Ditu anafanya nini katika kundi la wauzaji wa Kolwezi, mahali ambapo hawezi kununua hata kijiko? Niliwaza kwamba pengine huingia humo jioni kutazama kuta, mabaraza na madirisha nyuma ya vitu vinavyouzwa, kama mtu anavyochungulia mtaa aliokulia. Halafu siku moja akaona kabati.

Lakini nilikuwa nimeibiwa mara moja, na wewe umenifundisha. Nilijiambia huenda ni mtu mwingine aliyesikia habari za familia ile. Nikatafuta swali ambalo picha haiwezi kulijibu. Kwa simu yangu ndogo ya tochi, ikanichukua karibu nusu saa, nikaandika: “Kuna mshale. Uko wapi?” Sikutia jina langu.

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani.

“Mu mugongo, nyuma ya droo ya kuume. Inaangalia chini. Tata alichekaka sana siku ile. Mama Mwalimu, ni weye?”

Kisha la pili: “Ile mwandiko ya karatasi niliijua. Ni weye ulinifundisha kuandika.”

Nilikaa. Nilitazama nje, paka alikuwa analala juu ya ndoo yako. Nikaandika kwamba ni mimi, nikauliza kama mama yake yuko hai. Akajibu: “Eko. Macho tu njo haioni tena. Nilimusomea foto, nikamwambia kabati iko. Anauliza milango inalia bado?”

Milango inalia bado. Mafuta hayajawahi kuisaidia. Nilimjibu hivyo, na moyoni nikamwona Ngalula akigeuza uso upande wa simu asiyoiona.

Halafu, Jumatano, Mbuyi akaandika swali ambalo sijalijibu: “Mama Mwalimu, kabati ni ya kuuzisha ao ni ya kurudisha?”

Utasema jibu ni neno moja. Ni kweli, na ninalijua neno hilo. Lakini nikilituma peke yake litakuwa kama karatasi ile: safi, halina kosa, na limeficha kila kitu. Ndani yake lazima niweke saini niliyoichora, barua niliyoipokea nikaikalia, stesheni niliyoiogopa, na siku nilipomwita tapeli mbele ya binti yangu. Na atakayesomewa ni kipofu. Hawezi kuruka mstari.

Ndiyo maana nimeanza na wewe. Wewe ndiye wa kwanza kusikia kwamba mama yako hakulinunua kabati lile. Kama baada ya kusoma utataka kunyamaza nami wiki tatu, nitaelewa.

Lakini kazi unayoiendea ni hiyohiyo. Utanunua vitu vya watu wanaoondolewa hapa na kuviuza Kasaji na Mutshatsha. Umejifunza kujilinda na wageni, na umefanya vema. Mimi nimekaa nikijiuliza ni nani anayewalinda wageni na sisi. Mtu anayefunga mzigo kwa haraka hana nafasi ya kuangalia macho yako yanakwenda wapi. Anakuita dada, anakupa ufunguo. Basi kabla hujaandika chochote muulize kama anauza au anaweka. Muulize mara mbili, maana mara ya kwanza atajibu kwa haraka. Akisema anaweka, andika hivyo, mpe nakala, na uweke namba ya mtu wake wa pili. Na mtu asiyejua kuandika atie kidole chake mwenyewe.

Yapo mambo mawili ambayo hayangoji uamuzi wangu. La kwanza, onyo uliloliandika juu ya Mbuyi liondoe leo, kabla ya chakula, na uandike mahali palepale kwamba ulipotoshwa. Ukitaka, sema ni nani aliyekupotosha. La pili, kamba uliyolifungia kabati nimeifungua. Nimetoa sahani zetu, nimezipanga juu ya mkeka, zichukue zote. Kesho halitapanda treni pamoja nawe.

Ninachoamua sasa ni njia. Mbuyi anasema anaweza kuja, lakini sheria yako ni kwamba mgeni hakaribishwi nyumbani, na nyumba yenyewe sijui itasimama mpaka lini. Naweza kumngoja stesheni, mchana, mbele ya watu wote, kama unavyofundisha. Ingawa safari hii mgeni wa kuogopwa ni mimi. Au naweza kupanda treni na kabati mpaka Mwene-Ditu, nilifungue mbele ya Ngalula ili aisikie milango kwa masikio yake, na nimsomee mwenyewe yote niliyokuandikia. Nina umri wa kuogopa safari ndefu. Lakini ninatamani sana kumwona, na sijui kama hamu hiyo ni haki yangu.

Katika bahasha hii nimekuwekea karatasi ya kabati. Usiichane. Siku utakapoletewa karatasi ya mauzo iliyonyooka mistari yake yote, itoe hii kwanza uitazame.

Ninasikia umeacha kuburuta masanduku. Bila shaka umeiona kamba. Njoo uchukue barua. Nitakuandikia Kasaji nikishaamua ni stesheni ipi, ya kwetu au ya kwao.

Mama yako